Namna ya Kuomba Barabara, Mtaro au Taa Itengenezwe Katika Divisheni Yako ya Kampala: Mwongozo Kamili

Wakazi wengi wa Kampala wanaotumia Kiswahili, wakiwemo wafanyabiashara wa Kisenyi na familia za Katwe, Nsambya na Najjanankumbi, wamelalamikia barabara zilezile kwa misimu mingi ya mvua bila kupata jibu. Malalamiko yao ni ya haki, lakini mengi hufia njiani kwa sababu zinazojirudia: yanapelekwa kwenye ofisi isiyohusika, hayaelezi mahali kwa namna itakayomfikisha fundi hapo bila kuuliza, na yanatolewa kwa mdomo, hivyo hayaachi karatasi yoyote ya kufuatilia. Mwongozo huu unafuata ombi moja kuanzia shimoni hadi kazi inapokamilika. Hatua zake zina mpangilio wa makusudi, kwa hiyo usiruke hata moja.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Simu yenye kamera na ramani.
- Kamba au futi ya kupimia, na fimbo iliyowekwa alama kila sentimita 10.
- Daftari la kuandikia tarehe, saa, na wadhifa wa kila ofisa utakayezungumza naye.
- Karatasi za saini zenye safu za jina, namba ya simu na zoni.
- Jirani anayeandika Kiingereza vizuri. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, lakini mafaili ya ofisi za jiji bado yanaendeshwa kwa Kiingereza, na barua isiyosomeka kwa mhandisi hubaki mezani.
- Fedha kidogo za kuchapisha nakala nne za barua. Kuwasilisha barua hakulipiwi.

Hatua ya 1: Hakikisha unaishi chini ya mamlaka gani

Kampala ina divisheni tano: Central, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga. Zote ziko chini ya Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala, KCCA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2010. Katika kila divisheni kuna meya na madiwani waliochaguliwa, na kuna karani wa mji, ambaye ndiye mkuu wa utawala wa kila siku. Barua ya ombi huandikwa kwa karani wa mji, na nakala hupelekwa kwa wanasiasa.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Jiji limepanuka likavuka mipaka yake, na maelfu ya watu wanaosema wanaishi Kampala wako katika wilaya ya Wakiso. Mkazi wa Ndejje, Masajja au Zana yuko chini ya Manispaa ya Makindye-Ssabagabo, ambayo si Divisheni ya Makindye ingawa majina yanafanana. Mkazi wa Kireka, Bweyogerere au Najjera yuko chini ya Manispaa ya Kira, na Nansana nayo ina manispaa yake. Barua ya mkazi wa Ndejje iliyopelekwa KCCA haitashughulikiwa hata ikiandikwa vizuri namna gani, kwa sababu bajeti ya jiji haivuki mpaka.

Njia ya hakika ya kujua ni kumuuliza mwenyekiti wa LC1 (baraza la ngazi ya chini kabisa ya serikali) wa zoni yako, yaani mtaa wako, au kusoma mhuri wake, kwa kuwa mhuri huonyesha zoni, parishi na divisheni au manispaa. Hatua hii imekamilika ukiweza kuandika mfululizo huo wote bila kukisia.

Hatua ya 2: Tambua mwenye kitu kilichoharibika

Vitu vilivyo kando ya barabara moja vinaweza kuwa na wenyewe wanne tofauti, na kila mmoja atakuelekeza kwa mwenzake ukikosea.

Barabara za mitaa, mitaro yake, taa za barabarani na taa za kuongozea magari ndani ya divisheni tano ni za KCCA. Barabara kuu za kitaifa, kama Northern Bypass inayotoka Busega hadi Bweyogerere, zilikuwa chini ya UNRA, mamlaka ya barabara za kitaifa, mpaka shirika hilo lilipovunjwa mwaka 2024 na kazi zake kurudishwa katika Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Mtu anayeendelea kuiandikia UNRA anaandikia ofisi ambayo haipo tena.

Bomba la maji linalovuja na chemba ya maji taka inayofurika ni vya Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka, NWSC. Nguzo ya umeme iliyoinama au waya uliokatika ni wa UEDCL, kampuni ya serikali iliyochukua usambazaji wa umeme kutoka kampuni iitwayo Umeme tarehe 1 Aprili 2025. Chemba za nyaya za mawasiliano ni za kampuni za simu na intaneti, na mara nyingi jina la kampuni limechorwa kwenye mfuniko.

Kuna aina ya tano inayosahaulika: njia inayopita katika ardhi ya mtu binafsi. Kampala ina ardhi nyingi ya mailo (yenye hati ya mmiliki binafsi) na vibanja (viwanja vya wakaaji juu ya ardhi ya mwingine), na vichochoro vingi vilitokana na majirani kuachiana nafasi, bila kupimwa wala kuandikishwa kuwa barabara. Njia kama hiyo haitawekewa lami mpaka wenye ardhi wakubali kwa maandishi kuitoa. Ikiwa yako ni ya namna hiyo, anza na makubaliano hayo. Soma kila fomu ya ridhaa kabla ya kutia saini, na usitie saini iliyoachwa wazi, kwa sababu Ibara ya 26 ya Katiba inalinda haki ya kulipwa fidia ya haki kabla mali haijachukuliwa, na ridhaa iliyosainiwa ovyo inaweza kutafsiriwa kuwa umeiacha haki hiyo.

Onyo kuhusu hatari ya papo hapo

Waya wa umeme ulioanguka, chemba iliyo wazi, au kalvati (njia ya maji inayopita chini ya barabara) iliyobomoka na kuacha pengo barabarani haviwezi kusubiri barua. Piga simu kwa mwenye kitu na kwa polisi mara moja, watoto wawekwe mbali, na alama iwekwe pande zote mbili. Tawi la mti, ambalo ndilo alama iliyozoeleka hapa, huonekana mchana tu; funga juu yake kitambaa cheupe au mfuko mweupe ili dereva wa boda boda aione usiku. Barua iandikwe baadaye, ikitaja saa uliyopiga simu.

Hatua ya 3: Pima, piga picha, na nukuu mahali

Maneno kama "barabara yetu ni mbaya sana" hayamsaidii mhandisi, kwa maana anayasoma kila siku kutoka kila zoni. Anachohitaji ni kiasi. Pima urefu wa sehemu iliyoharibika, upana wa barabara, na kina cha shimo kwa fimbo yako. Kama ni mtaro, pima upana na kina chake, kisha kadiria sehemu iliyoziba kwa mchanga au taka.

Piga picha tatu za kila tatizo: moja kutoka mbali ikionyesha jengo au makutano yanayojulikana, moja ya karibu yenye fimbo ndani ya shimo, na moja iliyopigwa wakati wa mvua au muda mfupi baada yake. Picha ya mvua ina thamani kuliko nyingine zote, kwa sababu inaonyesha maji yanatoka wapi na yanakwama wapi. Kampala ina misimu miwili mikuu ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, kwa hiyo panga kazi hii mapema ili ukamilishe ushahidi wako ndani ya msimu mmojawapo.

Kisha fungua ramani ya simu, bonyeza mahali penyewe kwa muda, na unakili namba mbili zinazotokea. Kampala iko kaskazini kidogo tu ya ikweta, hivyo namba ya kwanza inapaswa kuanza na 0.2, 0.3 au 0.4, na ya pili na 32.5 au 32.6. Ukiona kitu kingine, umebonyeza vibaya. Nakili tarakimu tano baada ya nukta: tarakimu tano humfikisha fundi ndani ya mita moja hivi, ilhali tarakimu tatu zinaweza kumwacha umbali wa mita mia moja, na katika vichochoro vya Bwaise au Katwe mita mia moja ni zoni nyingine kabisa.

Kwa taa iliyozimika, nakili namba ya nguzo kama ipo, na ueleze kama imezimika moja au mfululizo mzima. Taa moja iliyozimika kwa kawaida ni hitilafu ya balbu au ya taa yenyewe. Mfululizo mzima ukizimika, tatizo huelekea kuwa kwenye waya au chanzo cha umeme, na huhitaji fundi mwingine na vifaa vingine.

Mpe picha na namba zako mtu asiyejua mtaa wenu. Akiweza kufika mahali hapo bila kukupigia simu, ushahidi umetosha.

Hatua ya 4: Fuata maji kabla ya kuomba barabara

Hatua hii ndiyo wakazi wanaiacha kuliko zote, nami naamini ndiyo inayotofautisha barabara inayodumu na ile inayosombwa kabla ya mwaka kwisha. Adui wa barabara ya murramu, yaani ya udongo wa changarawe usiowekwa lami, ni maji yaliyosimama juu yake au yanayopita katikati yake. Barabara nzuri huinuliwa mgongo katikati ili maji yatiririkie pembeni, yapokelewe na mitaro ya pande mbili, na mitaro hiyo huyapeleka kwenye kalvati au mfereji mkubwa. Kiungo kimoja kikikatika, greda litapita leo, kifusi kipya kitamwagwa, na mvua kubwa ya kwanza itakibeba chote hadi mlangoni kwa jirani wa chini.

Kampala ni jiji la vilima na mabonde. Maji ya Makerere, Mulago na Nakasero yote hutafuta bonde, na mifereji mikuu kama Nakivubo na Lubigi ndiyo inayoyabeba kuelekea nje ya jiji. Kwa sababu hiyo mafuriko ya mtaa wa bondeni, kama Bwaise, mara nyingi huanzia kilimani ambako paa na zege zimefunika ardhi iliyokuwa ikinywa maji, au huanzia mbele zaidi ambako mfereji umezibwa.

Siku ya mvua, mara itakapopungua na ukiwa salama, tembea kuanzia sehemu iliyoharibika ukipanda kule maji yanakotoka, kisha urudi ukishuka yanakokwenda. Andika kila kizuizi: kalvati iliyojaa mchanga, daraja la saruji ambalo duka limeliweka juu ya mtaro bila kuacha nafasi ya kusafisha, ukuta uliojengwa ndani ya mtaro, au rundo la mifuko ya taka. Usiingie katika mfereji wenye maji yanayokwenda kasi. Watu hupoteza maisha humo.

Utakachogundua kinaweza kubadilisha ombi lenyewe. Pengine mnachohitaji ni kuzibuliwa kwa kalvati moja mita mia mbili chini yenu, kazi ya siku chache isiyosubiri bajeti ya mwaka. Kama kizuizi ni ukuta wa mtu, ombi lielekezwe kwa usimamizi wa sheria wa divisheni pamoja na uhandisi. Na kama kizuizi ni taka za zoni yenu wenyewe, zisafisheni kwanza na mpige picha kabla na baada, kwa sababu ofisa atakayekuja kukagua ataziona, na atakuwa na haki ya kuuliza.

Umemaliza hatua hii ukiweza kueleza kwa sentensi mbili maji yanaingia wapi, yanakwama wapi na yanapaswa kutokea wapi.

Hatua ya 5: Pata uzito wa zoni

Nenda kwa mwenyekiti wa LC1 ukiwa na daftari na picha. Kamati ya LC1 ina watu kumi, wakiwemo wawakilishi wa wanawake na vijana, nayo ndiyo mlango wa kwanza wa serikali katika mtaa. Msalimie kwa adabu ya mahali: neno ssebo (bwana) au nnyabo (bibi), na salamu ya Kiganda kabla ya shida, hufungua mazungumzo ambayo Kiswahili cha haraka kingeyafunga.

Omba mambo matatu: kikao kifupi cha wakazi, maandishi ya kikao hicho, na mhuri juu ya barua. Kikao ni muhimu kwa sababu majirani wanaweza kutofautiana. Mwenye duka anataka barabara ipanuliwe, mwenye nyumba iliyo ukingoni anaogopa kupoteza ukuta. Ni afadhali mvutano huo uishie katika kikao kuliko kuzuka mbele ya mhandisi na kumfanya aondoke.

Kusanya saini za wanaotumia barabara, si wenye nyumba peke yao. Wapangaji, wenye vibanda, madereva wa steji ya boda boda iliyo karibu, na wakimbizi wanaoishi hapo wote wanaweza kujiorodhesha kama wakazi, kwa kuwa hili ni ombi la huduma na si kura. Saini ziwe za kweli. Karatasi yenye mwandiko mmoja kwa majina hamsini huharibu barua nzima.

Hatua ya 6: Andika barua ya ukurasa mmoja

Barua iwe na kichwa kinachotaja kitu, zoni, parishi na divisheni. Aya ya kwanza iseme mnachoomba. Aya ya pili itoe vipimo na mahali. Ya tatu ieleze madhara, na ya mwisho iombe ukaguzi na itaje mtu wa kuwasiliana naye. Picha, ramani, maandishi ya kikao na saini viwe viambatisho vyenye namba.

Kiini cha barua kinaweza kuwa hivi kabla ya kutafsiriwa kwa Kiingereza: "Tunaomba kalvati iliyovunjika ibadilishwe, na mtaro wa upande wa kulia uzibuliwe kwa urefu wa mita 85 kutoka kalvati hiyo hadi makutano ya barabara ya lami. Mahali penyewe pameonyeshwa katika Kiambatisho cha 1. Mvua inaponyesha, maji hufika kina cha sentimita 40 na kuzuia magari, yakiwemo yanayopeleka wagonjwa kituo cha afya. Tunaomba mhandisi wa divisheni afike kukagua, nasi tutakuwa na mtu wa kumwonyesha."

Linganisha na barua inayoanza kwa kulaumu serikali, ikaomba lami, taa, choo na soko kwa pamoja, bila kutaja mahali pa chochote. Ombi moja liwe na barua moja, kwa kuwa barua yenye maombi manne hugawanywa kwa idara nne na mara nyingi hakuna inayojiona ndiyo mwenye jukumu.

Hatua ya 7: Wasilisha masijala na urudi na mhuri

Peleka nakala tatu kwenye masijala ya divisheni. Moja inabaki kwao, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe na urudi nayo, na ya tatu mpe mwenyekiti wa LC1. Bila mhuri wa kupokelewa, barua yako haina tarehe ya kuzaliwa, na hakuna ofisa anayeweza kuwajibishwa kwayo. Ikiwezekana, uliza imeelekezwa kwa ofisa wa wadhifa gani, na uandike.

Nakala ya nne mpe diwani wenu wa divisheni, kwa sababu yeye ndiye atakayezungumza baraza litakapojadili vipaumbele. Mtu yeyote akikuomba pesa ili barua ipande juu, kataa, andika tarehe na mahali, na utoe taarifa kwa Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali (IGG), inayopambana na rushwa.

Hatua ya 8: Fuatilia kwa kalenda ya fedha

Kazi ndogo kama kuzibua mtaro, kupitisha greda au kubadilisha taa hutoka katika fungu la matengenezo na zinaweza kufanywa wakati wowote. Rudi kuuliza baada ya wiki mbili, ukiwa na nakala yenye mhuri.

Kazi kubwa, kama kuweka lami au kujenga mtaro mpya wa zege, lazima iingie katika bajeti. Mwaka wa fedha wa Uganda huanza tarehe 1 Julai. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015, mfumo wa bajeti hufikishwa Bungeni kufikia tarehe 31 Desemba, na bajeti hupitishwa kufikia tarehe 31 Mei. Barua inayofika mwezi Juni imekuta mlo umekwisha pakuliwa. Hakikisha yako imefika ifikapo Septemba, kisha hudhurieni mikutano ya bajeti ya divisheni, mkiwa na mtu mmoja aliyeandaliwa kusema kwa dakika tatu.

Mkikosa jibu kabisa, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005 inaruhusu kuomba kwa maandishi taarifa kuhusu hatua iliyofikiwa, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Kimya baada ya siku hizo huhesabiwa kuwa kukataa, na mwombaji anaweza kupeleka lalamiko kwa Hakimu Mkuu. Haki hii imetolewa kwa raia, kwa hiyo aliyeomba awe jirani mwenye uraia wa Uganda, hata kama barua ya awali ilisainiwa na watu wa mataifa mengi.

Kama jambo lako ni choo cha umma, soko au steji

Hatua ni zilezile, isipokuwa kwamba choo hupelekwa kwa idara ya afya ya umma, na kuhamisha steji ya teksi au boda boda kunahitaji viongozi wa madereva na polisi wa usalama barabarani wakubaliane kabla. Msijenge tuta la kupunguza mwendo kwa mikono yenu. Tuta lisilo na alama wala kipimo huua waendesha boda boda usiku, na lawama itawarudia waliolijenga.

Hatua ya 9: Kagua kazi inapofanywa na baada yake

Mafundi wakifika, mtu mliyemtaja katika barua awaonyeshe mahali na kizuizi kilichogunduliwa katika Hatua ya 4, kisha awaachie kazi. Piga picha za kila siku, hasa kabla kalvati haijafukiwa, kwa sababu baadaye hakuna atakayeona kilichomo. Angalieni kama mchanga uliotolewa mtaroni umebebwa. Ukiachwa ukingoni, mvua ya kwanza itaurudisha ndani.

Kazi ya mkandarasi kwa kawaida huwa na kipindi ambacho analazimika kurekebisha kasoro kwa gharama yake. Muulizeni mhandisi kipindi hicho kinaisha lini, na mwandike tarehe hiyo katika daftari. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, rudieni matembezi ya kufuata maji. Mkiona ufa, kuzama kwa udongo juu ya kalvati, au maji yanayopita nje ya mtaro, andikeni barua fupi siku hiyohiyo kwa karani wa mji, mkitaja tarehe ya mhuri wa barua ya kwanza na kuambatisha picha za kabla na baada, ili mkandarasi aitwe kabla muda wake haujakwisha.